Kutoka Ukurasa wa Mtandaoni hadi Toleo: Kuwafundisha Wanafunzi wa Fasihi ya Kiswahili Kutafuta na Kurejelea Vyanzo vya Kuaminika

Ikisiri

Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na tungo za kale kwa mara ya kwanza mtandaoni, mara nyingi zikiwa zimenakiliwa bila jina la mhariri, mwaka wa toleo wala maelezo ya mswada. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo ni tatizo la kitaaluma na si la adabu ya uandishi pekee, na yanapendekeza namna ya kulishughulikia darasani. Hoja kuu ni kwamba uaminifu wa chanzo hauwezi kupimwa kwa orodha ya vigezo vya jumla peke yake. Unategemea swali ambalo mtafiti analiuliza na umbali uliopo kati ya matini aliyonayo na mswada au toleo ilikotoka. Kwa kutumia mifano ya Al-Inkishafi, Utenzi wa Mwana Kupona na Utenzi wa Fumo Liyongo, makala yanaonesha jinsi matini isiyo na nasaba inavyoweza kupotosha uchambuzi wa vina, lahaja na uandishi. Mwishoni linapendekezwa zoezi la darasani linalounganisha utafutaji, ulinganishaji na urejeleaji.

Maneno ya msingi: vyanzo vya mtandaoni, urejeleaji, uhakiki matini, tenzi za kale, ufundishaji

1.0 Utangulizi

Chukulia mwanafunzi wa shahada ya umahiri anayeandika tasnifu kuhusu vina katika tenzi za Lamu. Ameipata matini yake mtandaoni, ikiwa safi na rahisi kusoma. Katika ubeti mmoja anaona kwamba vipande viwili vinaishia na kina cha -ti na cha tatu kinaishia na neno "nchi". Anahitimisha kwamba mtunzi alivunja kanuni ya vina, na anaijengea hoja sura nzima ya tasnifu yake juu ya "ulegevu wa arudhi" katika utungo huo. Kumbe katika Kiamu neno lenyewe ni "nti", na kina kilikuwa kamili tangu mwanzo. Aliyekivunja ni mtu asiyejulikana, aliyeyabadilisha maneno ya Kiamu kuwa ya Kiswahili sanifu ili wasomaji wake waelewe, kisha akaiweka kazi yake mtandaoni bila kusema amefanya nini.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake inawezekana kabisa. Mwanafunzi huyo hakuiba maandishi ya mtu, hakughushi data, na huenda ameuorodhesha ukurasa alioutumia katika marejeleo yake kwa kufuata mtindo wa idara bila kukosea hata nukta. Hata hivyo, hitimisho lake ni la uongo, na lawama imemwangukia mtunzi aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita ambaye hawezi kujitetea.

Mafunzo ya matumizi ya vyanzo vya mtandaoni katika vyuo vikuu aghalabu hugawanywa katika mambo mawili yanayofundishwa mbalimbali. Kuna onyo la jumla dhidi ya tovuti zisizoaminika, na kuna mazoezi ya kupanga marejeleo kwa mtindo fulani. Makala haya yanadai kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Kurejelea ni kueleza njia ambayo matini imepita hadi kumfikia mtafiti. Anayeweza kuieleza njia hiyo kwa usahihi tayari ameupima uaminifu wa chanzo chake, na asiyeweza kuieleza hajaupima.

2.0 Dhana ya chanzo cha kuaminika

2.1 Upungufu wa orodha za vigezo

Njia iliyoenea zaidi ya kufundisha tathmini ya vyanzo ni orodha ya vigezo. Orodha inayojulikana sana ni ile iliyotolewa na Sarah Blakeslee wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Chico, mwaka 2004. Inamtaka msomaji apime upya wa chanzo, uhusiano wake na mada, mamlaka ya mwandishi, usahihi wa maelezo, na dhamira ya kuandikwa kwake. Vigezo hivyo vina manufaa, hasa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kujiuliza ni nani aliyeandika anachokisoma.

Udhaifu wake unajitokeza vinapotumiwa katika fasihi ya kale. Kwa kigezo cha upya, toleo la Al-Inkishafi lililohaririwa na William Hichens mwaka 1939 lingeshindwa na ukurasa ulioandikwa mwaka jana. Kwa kigezo cha mamlaka, tovuti yenye nembo nzuri na jina la taasisi ingeshinda nakala ya mkono iliyopigwa picha na kuhifadhiwa maktabani bila maelezo mengi. Kwa kigezo cha usahihi, mwanafunzi hana namna ya kujua kama matini ni sahihi pasipo kuwa na matini nyingine ya kulinganisha nayo.

Utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew (2019) wa Chuo Kikuu cha Stanford umeonesha udhaifu huo kwa upande mwingine. Watafiti hao waliwapa kazi ya kutathmini tovuti wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa ukweli wa habari 10 na wanafunzi 25 wa shahada ya kwanza. Wanahistoria na wanafunzi walielekea kubaki ndani ya tovuti waliyopewa, wakiisoma kutoka juu hadi chini, na mara nyingi walidanganywa na nembo, majina ya vikoa na mwonekano wa kitaalamu. Wakaguzi waliondoka kwenye tovuti hiyo mapema, wakafungua kurasa nyingine na kutafuta wengine wanasema nini kuihusu. Walifikia hukumu sahihi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Funzo kwa mwalimu wa fasihi ni kwamba umakini wa kusoma, ambao ndio ustadi anaoufundisha kila siku, hautoshi. Ukurasa hauwezi kuwa shahidi wa uaminifu wake wenyewe.

2.2 Matini, toleo na nakala

Katika fasihi ya kale ya Kiswahili, suala la uaminifu lina tabaka moja zaidi. Sehemu kubwa ya tungo hizo iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo katika matumizi yake ya jadi zina alama tatu tu za irabu fupi. Kwa hiyo e na i, au o na u, huandikwa kwa alama moja. Vilevile herufi moja ya ba inaweza kusomwa b, p au mb. Kila toleo la hati za Kirumi ni matokeo ya maamuzi ya mhariri aliyesoma, akachagua, na pengine akakosea. Matini ya hati za Kirumi isiyo na jina la mhariri ni matini ambayo maamuzi yake hayana mwenyewe.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni mfano mzuri. Matini iliyotayarishwa na W. E. Taylor ilichapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha sarufi na lahaja cha C. H. Stigand. Hichens alitoa toleo lake mwaka 1939, James de Vere Allen akatoa la kwake mwaka 1977, na M. M. Mulokozi akaujumuisha utenzi huo katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Matoleo haya hayalingani kila mahali katika tahajia, usomaji wa maneno wala mpangilio wa beti. Mwanafunzi anayeandika "ubeti wa 35" bila kutaja toleo hajamwelekeza msomaji popote. Ikiwa ukurasa alioutumia nao hautaji toleo, basi hata yeye mwenyewe hajui alikuwa wapi.

Kuna pia tatizo la nakala za kidijitali za matoleo yaliyochapishwa. Kitabu kinapopigwa picha kisha programu ikayabadilisha maandishi ya picha kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa, alama ndogo hupotea kwanza. Taylor alitumia alama maalumu kutofautisha sauti za Kimvita ambazo tahajia sanifu haizioneshi. Tofauti ya mpumuo ndiyo inayotenganisha "paa" la nyumba na "paa" mnyama, au "kaa" la moto na "kaa" wa pwani. Mwanafunzi wa fonolojia anayenakili maandishi yaliyozalishwa na programu badala ya kuitazama picha ya ukurasa anaweza kudhani kwamba Taylor hakuiona tofauti ambayo aliifanyia kazi kwa bidii kubwa.

2.3 Uaminifu hutegemea swali

Inafuata kwamba swali la "Je, chanzo hiki kinaaminika?" halijakamilika. Swali kamili ni "Kinaaminika kwa ajili ya nini?" Matini iliyosanifishwa inaweza kumfaa mwalimu wa shule ya sekondari anayetaka wanafunzi wake waelewe dhamira ya utenzi. Matini hiyohiyo haifai kabisa kwa utafiti wa lahaja, vina au mizani. Pale ambapo Kiamu kinasema "mato", "ndia" na "kuya", Kiswahili sanifu kinasema "macho", "njia" na "kuja". Kubadilisha "mato" kuwa "macho" hakugusi mizani lakini huua kina cha -to. Kubadilisha kitenzi chenye umbo la kale la -ile kuwa cha njeo ya -li- kunaweza kubadili idadi ya silabi, na hivyo kuharibu kipande cha mizani 8. Mtafiti wa dhamira hatadhurika. Mtafiti wa arudhi atakuwa anachambua kazi ya msanifishaji akidhani anachambua kazi ya mtunzi.

Kwa mantiki hiyo, Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, haistahili kupigwa marufuku wala kutegemewa kama hoja ya mwisho. Inafaa kama mlango: inampa mwanafunzi majina, miaka na vitabu vya kwenda kuvitafuta. Marufuku ya jumla huwafundisha wanafunzi kuificha mahali walikoanzia, yaani huwafundisha kudanganya kuhusu njia yao.

3.0 Kufundisha utafutaji

3.1 Kuutoka ukurasa

Hatua ya kwanza ni kumzoesha mwanafunzi kuutoka ukurasa kabla ya kuusoma kwa kina. Mbinu hii inaweza kuitwa usomaji wa kando. Anapokutana na utungo mtandaoni, mwanafunzi anatafuta kwanza jina la mwenye tovuti, kisha jina la utungo pamoja na neno "toleo" au "mhariri", kisha sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka katika maelezo ya ukurasa huo. Utafutaji wa sentensi ni wa thamani kubwa. Ikiwa maelezo yaleyale, neno kwa neno, yanatokea katika tovuti sita, hizo si shahidi sita bali ni shahidi mmoja aliyenakiliwa mara sita.

Mwalimu anapaswa kulisisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi huhesabu wingi wa kurasa kama uthibitisho. Hatari huzidi pale kosa linapoingia katika mduara: ukurasa wa kamusi elezo unatoa dai bila chanzo, mwandishi wa kitabu anaunakili, kisha mhariri mwingine wa ukurasa uleule anakirejelea kitabu hicho kama uthibitisho wa dai la awali. Njia pekee ya kuuvunja mduara ni kurudi nyuma hadi kwenye tarehe ya mwanzo kabisa ambapo dai lilionekana.

3.2 Kurudi hadi chanzo cha awali

Utenzi wa Fumo Liyongo unafaa kwa zoezi la kurudi nyuma. Liyongo ni shujaa wa masimulizi ya pwani ya kaskazini ambaye pia anasifika kama malenga. Utenzi unaosimulia maisha na kifo chake uliandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu, na unahusishwa na mwaka 1913. Zipo pia tungo nyingine ambazo mapokeo huzinasibisha na Liyongo mwenyewe. Mwanafunzi anayesoma haraka huchanganya mambo matatu: mhusika wa utenzi, mwandishi wa utenzi, na mtunzi anayedaiwa wa tungo nyingine. Matokeo yake ni tasnifu inayoutaja utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 20 kama ushahidi wa lugha ya karne nyingi kabla yake. Ni jambo la kuwaonesha wanafunzi kwamba kitabu cha Gudrun Miehe na wenzake kuhusu tungo hizo kinasema katika jina lake lenyewe kwamba zinanasibishwa na Liyongo. Neno hilo moja ni hukumu ya kitaaluma iliyofikiriwa.

Tarehe nazo zinahitaji kufuatwa hadi chanzo. Utenzi wa Mwana Kupona hutajwa kuwa wa mwaka 1858, na Chuo cha Herekali, au Utenzi wa Tambuka, kuwa wa 1728. Miaka hiyo imetokana na miaka ya Hijria, 1275 na 1141. Mwaka wa Hijria hauanzi pamoja na wa Miladi. Mwaka 1275 ulianza Agosti 1858 na kumalizikia 1859, na 1141 ulianza Agosti 1728. Mwanafunzi akikuta ukurasa mmoja unasema 1858 na mwingine 1859, hana haja ya kuamua upi "unaaminika" kwa kuangalia nembo. Anapaswa kuuliza mwaka ulioandikwa katika mswada ni upi, na nani aliubadilisha kuwa wa Miladi.

3.3 Mahali pa kutafutia

Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza nasaba ya matini anahitaji pia kujua aanzie wapi. Katika taaluma za Kiswahili, sehemu zifuatazo ni za msingi:

(a) Makusanyo ya miswada. Chuo cha SOAS cha Chuo Kikuu cha London kinahifadhi makusanyo ya Taylor, Hichens, Werner na wengineo, na orodha yake ya miswada inaweza kutafutwa mtandaoni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko ambao katalogi yake, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970.

(b) Majarida yanayopitiwa na wataalamu. Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994, linasomwa bure mtandaoni. Kiswahili na Mulika hutolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. African Journals Online, yenye makao yake Afrika Kusini, imekusanya majarida mengi ya bara hili mahali pamoja.

(c) Hifadhi za jumla. Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina vitabu vilivyopigwa picha pamoja na nakala za kurasa za mtandao zilizofutwa au kubadilishwa. Hapa mwanafunzi aoneshwe kwamba maelezo ya katalogi ya hifadhi hizo huweza kuandikwa na mtu yeyote aliyepakia kitabu. Mwaka na jina la mhariri visomwe kwenye picha ya ukurasa wa jina, si kwenye maelezo ya tovuti.

Kuhusu majarida, ni lazima wanafunzi waelezwe kwamba kuwapo mtandaoni na kuwa na namba ya ISSN si ithibati ya ubora. Namba hiyo huitambulisha tu chapisho la mfululizo. Yapo majarida yanayochapisha makala yoyote alimradi mwandishi amelipa ada. Dalili zake ni ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, jopo la wahariri lisilo na vyuo wanakotoka, na matoleo yanayochanganya uhandisi, tiba na ushairi. Kipimo rahisi ni kusoma makala mawili matatu ya fani ambayo mwanafunzi anaijua na kujiuliza kama mtaalamu yeyote aliyapitia.

4.0 Kufundisha urejeleaji

4.1 Kurejelea ulichokishika mkononi

Kanuni ya kwanza ya urejeleaji ni kwamba mwandishi anarejelea alichokiona, si alichotamani kukiona. Mwanafunzi aliyemsoma Hichens kupitia nukuu ya Mulokozi hana budi kusema hivyo. Mazoea ya kunakili rejea za ndani ya makala ya mtu mwingine na kuziweka kama za kwake husambaza makosa: ukurasa uliokosewa mara moja huendelea kukosewa kwa vizazi vya tasnifu.

Kwa matini ya mtandaoni, rejea kamili ina tabaka mbili. Ya kwanza ni ya kazi yenyewe: mtunzi, jina la utungo, mhariri, mwaka na mchapishaji wa toleo. Ya pili ni ya mahali ilipopatikana: jina la tovuti au hifadhi, anwani, na tarehe ya kusomwa. Pale tabaka ya kwanza isipojulikana, mwanafunzi aandike wazi kwamba toleo halikutajwa. Kukiri huko si aibu; ni taarifa kwa msomaji kwamba uchambuzi wa tahajia au vina hauwezi kujengwa juu ya matini hiyo.

Majina ya majarida yaliyobadilika yanahitaji uangalifu wa aina hiyohiyo. Jarida la Kiswahili la leo lina asili katika taarifa za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930; katika miaka ya 1960 liliitwa Swahili, na jina la Kiswahili lilianza kutumika mwaka 1970. Anayerejelea makala ya mwaka 1962 chini ya jina la sasa anamwelekeza msomaji kwenye kabati lisilo na kitabu hicho. Kadhalika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, ya 2004 na ya 2013 ni matoleo matatu tofauti. Fasili ya neno ikirejelewa bila toleo, madai kuhusu mabadiliko ya maana hayathibitiki.

4.2 Majina ya Waswahili na programu za marejeleo

Programu za kupanga marejeleo zimebuniwa kwa kuchukulia kwamba kila mtu ana jina la ukoo na kwamba ndilo la mwisho. Zikipewa "Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir", hutoa "Nasir, S. A. B. A. B.", yaani humpa sifa babu yake mtunzi. Zikipewa "Mwana Kupona binti Mshamu", hutoa "Mshamu, M. K. B.", na mshairi anatoweka nyuma ya jina la baba yake. Katika historia ya fasihi ambamo majina ya watunzi wanawake yaliyohifadhiwa ni machache, kosa hilo si la kiufundi tu. Mwanafunzi anayetafuta orodha ya marejeleo kwa jina la Mwana Kupona hatamwona.

Suluhisho ni rahisi na linapaswa kufundishwa mapema. Majina yenye bin, binti au wa yaingizwe katika programu kama jina moja lisilogawanywa, yaorodheshwe kwa jina la kwanza la mwenyewe, na vyeo vya heshima kama Sayyid au Sheikh visitumiwe kupanga alfabeti. Ndani ya matini, utungo wa kale utajwe pamoja na mhariri, kwa mfano (Mwana Kupona, katika Werner na Hichens, 1934), ili mwaka wa toleo usidhaniwe kuwa mwaka wa utunzi.

4.3 Kurasa zinazobadilika

Ukurasa wa mtandao unaweza kubadilishwa leo na kufutwa kesho. Tarehe ya kusomwa inasaidia, lakini haimwezeshi msomaji kukiona alichokiona mwandishi. Njia bora ni tatu. Makala yenye kitambulisho cha kudumu cha kidijitali, yaani DOI, yarejelewe kwa kitambulisho hicho badala ya anwani ya kawaida. Ukurasa wa kamusi elezo urejelewe kwa kiungo cha toleo mahususi, kinachopatikana kupitia historia ya ukurasa. Ukurasa mwingine wowote uhifadhiwe kwanza katika Internet Archive, kisha anwani ya nakala iliyohifadhiwa itolewe pamoja na ya asili. Kazi hii haizidi dakika chache.

4.4 Rejea zisizokuwapo

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, walimu wamekabiliwa na tatizo jipya: rejea ambazo hazipo. Programu za akili mnemba huunda sentensi zinazofanana na zile zilizofunzwa kwazo, na rejea ni aina ya sentensi yenye umbo linaloigika kwa urahisi. Tatizo hili halikuwapata wanafunzi peke yao. Juni 2023, mahakama ya shirikisho huko New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zilizotaja kesi zilizobuniwa na programu hiyo.

Katika taaluma za Kiswahili, rejea ya kubuni huwa na jina la mtaalamu wa kweli, jina la jarida la kweli, na anwani ya makala inayosadikika. Kwa kuwa matoleo mengi ya zamani ya majarida ya Kiswahili hayapatikani mtandaoni, mwanafunzi akikosa makala hiyo hudhani ni ngumu kupatikana, hadhani haipo. Kipimo ni kutafuta orodha ya yaliyomo katika juzuu inayotajwa, mtandaoni au maktabani. Ikiwa kurasa zinazotajwa zina makala nyingine, suala limekwisha. Kanuni ya 4.1 inatosha kumlinda mwanafunzi: asiyerejelea ambacho hakukishika hawezi kurejelea kisichokuwapo.

5.0 Zoezi la darasani

Stadi zilizoelezwa hazijengeki kwa mhadhara mmoja. Zoezi lifuatalo linaweza kufanywa kwa majuma matatu katika kozi yoyote ya ushairi.

Katika juma la kwanza, wanafunzi katika makundi ya watatu au wanne wanachagua utenzi mmoja na kuzitafuta matini tatu za utenzi huo mtandaoni. Kwa kila matini wanaandika nasaba yake: imetoka toleo gani, nani alihariri, nani aliiweka mtandaoni. Pale nasaba inapokatika, wanaeleza inakatikia wapi. Kundi linalogundua kwamba matini zake zote tatu ni nakala ya moja limefaulu, halikushindwa.

Katika juma la pili, kila kundi linalinganisha beti kumi za matini hizo na toleo moja lililochapishwa. Tofauti zinapangwa katika makundi manne: tahajia, usanifishaji wa lahaja, usomaji tofauti wa mswada, na makosa ya kunakili. Wanafunzi wanaeleza ni tofauti zipi zinagusa vina au mizani. Hapa ndipo "nti" na "nchi" huacha kuwa suala la matamshi na kuwa suala la ushahidi.

Katika juma la tatu, kila mwanafunzi anaandika peke yake nusu ukurasa wa wasifu wa chanzo, akieleza matini ipi inafaa kwa swali gani, pamoja na rejea kamili zenye tabaka mbili. Katika usahihishaji, alama nyingi zitolewe kwa ukweli wa maelezo ya njia, na chache kwa nukta na mikato.

Zoezi hili lina vikwazo vyake. Vifurushi vya intaneti ni ghali kwa wanafunzi wengi, hifadhidata za kulipia hazipatikani katika kila chuo, na matoleo ya zamani yamekwisha madukani. Idara inaweza kupunguza ugumu huo kwa kuandaa kabati dogo la matoleo ya msingi maktabani, kufanyia utafutaji katika maabara ya chuo, na kuwagawia wanakikundi kazi ili mmoja apakue na wote wasome. Upungufu wa vitabu haumpi mwanafunzi ruhusa ya kuficha chanzo duni. Unamwongezea wajibu wa kukitaja kama kilivyo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kutafuta chanzo cha kuaminika na kukirejelea ni kazi moja yenye pande mbili, na kwamba katika fasihi ya kale ya Kiswahili kazi hiyo haitenganishwi na uhakiki matini. Vigezo vya jumla vinamsaidia mwanafunzi kuanza, lakini kinachomfikisha ni maswali matatu: matini hii imetoka wapi, imepitia mikono ya nani, na inafaa kwa swali lipi. Maswali hayo si mageni katika utamaduni wa pwani. Wanakili wa miswada ya Lamu na Pate mara nyingi walitaja mwishoni mwa nakala jina la aliyenakili na tarehe ya kumaliza, wakijua kwamba maandishi bila mwenyewe hayana wa kuulizwa. Mwanafunzi wa leo anayeandika rejea kamili anaendeleza desturi hiyo. Anamlinda mtunzi dhidi ya lawama isiyo yake, anailinda lahaja dhidi ya kufutwa kimyakimya, na anamwachia msomaji ajaye njia ya kurudi nyuma na kujionea mwenyewe.